Jibu la Swali la Ishirini na Tatu

Kabla sijaenda mwenyewe, nilidhani mji wa kufanyia kongamano huchaguliwa na wakubwa fulani waliokaa kwenye viti vya kuzunguka. Kumbe huchaguliwa na wasomaji wenyewe, kwa karatasi na kalamu, miaka miwili kabla ya siku yenyewe. Mji unaotaka kuwa mwenyeji unaunda kamati, unajibu fomu ya maswali arobaini, kisha unatuma watu wake kwenye kongamano la mwaka huo wakaunadi. Wanachama wanasoma majibu, wanahoji, wanapiga kura. Yaani wale wale wanaopenda hadithi za kubuni za sayansi, za vyombo vya angani na miji iliyojengwa chini ya bahari, ndio wanaoamua mwaka keshokutwa watabisha hodi kwa nani.

Aliyenieleza hayo ni Mwalimu. Alikuwa mwalimu wetu wa shule ya jioni, darasa la watu wazima tuliofika kila mmoja na uchovu wake: mshona viatu, dada wawili wa saluni, dereva wa lori, na mimi na tumbo langu la miezi sita. Mimi ni mfanya usafi katika ukumbi mkuu wa mji wetu. Siku moja Mwalimu aliniazima kitabu chakavu kilichomhusu mwanamke anayesafisha kituo cha angani. Akaniambia nikisome, nimweleze kama mwandishi amewahi kushika dekio. Nilikisoma kliniki nikisubiri zamu ya kupimwa. Nilipomrudishia nilimwambia hajawahi, maana mwanamke wake wa kitabuni alianza kudeki mlangoni akimalizia ndani, akajifungia mwenyewe kwenye majimaji. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha nikamwomba kingine.

Mwalimu alikuwa ameshaomba uwenyeji mara mbili. Mara ya kwanza mji wetu ulikataliwa kwa sababu ya uhaba wa vyumba vya wageni, mara ya pili tulipitwa kwa kura saba. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja na ukungu katika jicho la kushoto, na kila aliyemjua alielewa kwamba hii ni ya mwisho. Mwenyewe hakusema hivyo. Alisema tu kwamba angependa, walau mara moja, darasa lake liingie kongamanoni kwa miguu, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu mwenye uwezo wa kuacha kazi wiki nzima akasafiri. Mimi nilikuwa nikiisikia hiyo "walau mara moja" hata ninapokamua matambara.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti Mwalimu. Wa pili Fundi Saa, rafiki wa mume wangu, mwenye kibanda cha kutengeneza saa na tabia ya kuchelewa kila mahali. Wa tatu mimi, karani. Mama mkwe aliposikia alimnyanyua mwanangu, ambaye tunamwita Kidoti, akazungumza naye badala ya kuzungumza nami: "Mama yako anaalika watu elfu moja, mjukuu wangu, na kwake kuna viti vitatu, kimoja kibovu."

Tulijaza fomu darasani, baada ya vipindi. Mwalimu alikuwa amepata ramani ya ukumbi, ile ya mchoraji majengo, karatasi ya bluu iliyokunjwa na kufunguliwa mpaka mikunjo imekuwa kama mito. Fundi Saa aliichukua akatengeneza mfano wa jengo zima wa kuweka mezani, na vipande vya saa vilivyokufa: ngazi za gurudumu la meno, taa za vito vidogo, na lifti yenye mlango wa shaba uliofunguka kweli ukiusukuma kwa ncha ya kucha. Maswali ya jengo nilipewa mimi. "Wewe ndiye mwenye nyumba," Mwalimu alisema.

Swali la ishirini na tatu liliuliza: Je, mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kufika ukumbi mkubwa peke yake, bila kubebwa? Eleza.

Katika jengo letu, ukumbi mkubwa uko ghorofa ya pili. Niliweka rula juu ya ramani, kwenye mlango wa lifti, nikasoma milimita, nikazidisha kwa kipimo kilichoandikwa pembeni, jinsi nilivyofundishwa katika chumba kile kile. Nilirudia hesabu mara tatu kwa raha yake. Mtu aliyeacha shule darasa la sita anapopata jibu moja mara tatu, hataki tena kuinua kichwa. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Ndiyo. Mlango wa lifti una upana wa sentimita tisini na mbili."

Nilikuwa ndani ya jengo lile siku sita kwa wiki. Tepu ya kupimia ilikuwa kwenye droo ya mlinzi, ambaye tunamwita Sijalala kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kila anapofumbua macho. Haikunijia akilini kwenda kuiomba. Wala haikumjia Mwalimu, wala Fundi Saa aliyeuchonga mlango huo kwa mikono yake. Sisi tunaosoma habari za sayari ambazo hazipo tuna ugonjwa huo. Tukionyeshwa ramani nzuri, tunahamia humo na vyombo vyetu.

Tulisafiri sisi watatu siku ya Jumatano, mimi kwa likizo niliyoiomba kazini na Kidoti mgongoni, kwa kuwa alikuwa bado ananyonya. Kongamano lilikuwa katika jengo kubwa la mikutano katika mji wa watu, na kwa mara ya kwanza nilipita kwenye korido ambayo haikuwa yangu kuipiga deki. Nilitazama pembe zake. Hazikuwa mbaya. Watu walivaa mavazi ya wahusika wa vitabu, mmoja alikuwa na mabawa yaliyogonga kila fremu ya mlango, na hakuna aliyeniuliza nimesoma hadi wapi. Waliniuliza nimesoma nini.

Sanduku la kura lilikuwa ukumbini chini, la mbao, na mama mmoja msimamizi ameketi kando yake akifuma sweta. Lilifunguliwa Alhamisi asubuhi, lifungwe Jumamosi saa sita mchana. Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza mji wetu. Wa pili mji tulioshindana nao, mji mkubwa ambao sisi tuliuita Mji wa Minara, na wajumbe wake walivaa fulana za rangi moja. Wa tatu uliandikwa "Hakuna kati ya hiyo," maana wasomaji hawa hawapendi kulazimishwa. Hupigi alama moja tu. Unaandika moja kwa unachokitaka kwanza, mbili kwa kinachofuata, tatu kwa cha mwisho. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu. Asipopatikana, wa mkiani anatolewa, na karatasi zake wanagawiwa wale waliowekewa mbili. Fundi Saa alisema ni kama kuposa: ukikataliwa na dada, barua inasomwa tena kwa mdogo wake.

Meza yetu ilijaa watu tangu Alhamisi kwa ajili ya ule mlango wa shaba. Kila mtu alitaka kuusukuma kwa kucha.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nampeleka Kidoti juu, kwenye chumba cha watoto, nikiwa na kigari cha mtoto nilichoazimwa na wenyeji. Lifti ilipofunguka niliinama, nikamtoa Kidoti, nikaanza kukikunja kigari. Ndani kulikuwa na mama wa makamo kwenye kiti cha magurudumu kilichobandikwa picha za makongamano kumi na tisa. Baadaye nilijua ni mfamasia, na ndivyo kila mtu alivyomwita.

"Ingia nacho hivyo hivyo, mwanangu," aliniambia. "Mlango hauna meno."

Kweli kigari kilipita, na nafasi ikabaki. Nikacheka kwa aibu. Akasoma kitambulisho changu kifuani, akanishika mkono. Aliniambia alishatupigia kura jana yake, mapema kabisa, yeye na wenzake wanane wa viti na magongo. Wale wa Minara, katika swali la ishirini na tatu, waliandika "tutahakikisha." Makongamano mawili yaliyopita pia yalihakikisha, na yote mawili alipandishwa ngazi na vijana wanne kama gunia la mchele, huku akitabasamu ili wasijisikie vibaya. "Ninyi mliandika sentimita," alisema. "Mtu anayeandika sentimita amepima."

Alishuka ghorofa ya kwanza. Mimi niliendelea mpaka juu, nikarudi chini, nikapanda tena. Nilikuwa natazama mikono yangu. Kwa nini niliinama? Sijawahi kuwa na kigari maishani mwangu. Kidoti amekulia mgongoni. Mikono hii ilijifunza wapi kwamba kabla ya lifti lazima kitu kikunjwe?

Ilijifunza kazini. Kwa miaka minne, kila nikifika lifti yetu, nashusha ndoo kutoka kwenye toroli lake, naliacha toroli chini, napanda na ndoo mkononi, maji yakinimwagikia viatuni. Hivyo ndivyo alivyonionyesha dada aliyenitangulia. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Toroli lile halifiki hata sentimita sabini.

Nilimpigia simu Sijalala. Alipokea akisema hajalala. Nikamwomba achukue tepu aende kwenye mlango wa lifti, na asikate simu. Nilisikia viatu vyake, nikasikia mlango ukifunguka, kisha kimya, kisha tepu ikijirudisha kwa mlio.

"Hamsini na nane, dada. Nimepima mara mbili. Mbona hata mimi mwenyewe nikishiba napita kwa upande?"

Ramani ilichorwa kabla jengo halijaisha. Lifti waliyoileta baadaye ilikuwa ndogo zaidi, na mtu akajenga ukuta kuziba pengo. Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilijua hamsini na nane tu.

Niliwakuta Mwalimu na Fundi Saa nyuma ya meza yetu, wakinywa chai kwenye vikombe vya karatasi. Niliwaeleza huku Kidoti akivuta miwani ya Mwalimu. Fundi Saa ndiye aliyeanza, na sitamlaumu, kwa sababu alichosema kilikuwa na akili. Kura, alisema, ni za miaka miwili mbele. Hakuna aliyeuliza mlango ukoje leo, wameuliza utakuwaje siku watakapofika. "Tukinyamaza tukashinda, shemeji, ukumbi utalazimika kuupanua. Tukisema tukashindwa, utabaki hamsini na nane mpaka Kidoti awe bibi. Sasa huyo mama wa kiti amesaidiwa na lipi?"

 Swali hilo, mpaka leo nikilifikiria, naona lina miguu ya kusimamia.

 Mwalimu alikuwa anausukuma mlango wa shaba kwa kucha, anaufungua, anaufunga. Nilijua anahesabu miaka. Nilitamani anikaripie, ingekuwa nafuu. Mwisho aliniuliza, kwa sauti ile ile ya darasani, swali hilo niliandika jibu lake kwa kalamu ya nani.

"Yangu, Mwalimu."

"Basi litasahihishwa kwa kalamu hiyo hiyo. Kesho saa tatu tutakuwa jukwaani. Mimi nitafungua, wewe utasema." Kisha akaongeza, bila kunitazama: "Na mimi ningepaswa kukuuliza umepima na nini. Nilikupa maksi kwa kuzidisha."

Lakini sikusubiri saa tatu. Nilimtafuta Mfamasia kwanza, nikamkuta kwenye mstari wa kusainiwa vitabu. Nilichuchumaa kando ya kiti chake, nikamwambia. Uso wake haukubadilika sana. Aliuliza kama kura inaweza kutolewa sandukuni. Tulikwenda pamoja kwa msimamizi, ambaye aliweka sweta lake mapajani akasema pole, ikishaingia imeingia, ndiyo kanuni, na zimeshaingia zaidi ya mia mbili. Mfamasia alivuta pumzi. "Basi mimi na wenzangu tumekwisha kuwachagua," alisema. "Mmetufanya tuchague kwa mlango usiokuwepo." Akageuza kiti akarudi kwenye mstari wake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwalimu alisema maneno machache, kisha akanipa kipaza sauti na kumchukua Kidoti. Nilikuwa nimeandika hotuba kuhusu shule ya jioni na darasa letu. Sikuisoma. Nilisema kwamba jibu letu la ishirini na tatu si kweli, kwamba niliupima mlango kwenye karatasi, na mlango wenyewe ni hamsini na nane. Nikasema hatujui ukumbi utakubali kuubomoa ukuta, hatuna barua wala ahadi, na waliokwisha kupiga kura kwa ajili ya jibu hilo nawaomba radhi. Kisha nikasema, kwa kuwa muda ulibaki, jinsi ya kudeki chumba bila kujifungia ndani, na wakacheka, hata sijui kwa nini nilisema.

Mtu mmoja wa nyuma akasimama akawauliza wa Minara kama wao wamepima. Mjumbe wao alikuwa kijana mwenye adabu. Alitazama wenzake, akatazama fomu yake, akasema kwamba, kusema kweli, hajui.

Saa sita sanduku likafungwa. Kila upande ulitoa shahidi, sisi tukamtoa Fundi Saa, ambaye siku hiyo aliwahi. Matokeo yalisomwa saa tisa. Kura mia tatu na kumi na moja. Minara mia moja arobaini na tisa. Sisi mia moja thelathini na nane. Hakuna kati ya hiyo, ishirini na nne. Mwalimu aliushika mkono wangu, nikajua anajiandaa kupiga makofi kwa ajili ya wenzetu. Lakini hakuna aliyefikisha nusu. Wakachukua zile ishirini na nne za watu wasiotutaka sote, wakatazama waliandika mbili wapi. Minara nne. Moja haikuandikwa kitu. Sisi kumi na tisa.

Mia moja hamsini na saba kwa mia moja hamsini na tatu.

Mwalimu hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta kwa nguo ya Kidoti, akaivaa, akaifuta tena. Fundi Saa alimkumbatia kijana wa Minara kwa makosa. Na mimi nilikaa nikijaribu hesabu ambayo hakuna ramani ya kunisaidia. Tulishinda kwa nne. Mfamasia na wenzake walikuwa tisa. Je, tumeshinda kwa kweli ya asubuhi ile, au kwa uongo wa Alhamisi? Kura ni siri, haziandikwi saa wala sababu. Sitajua kamwe.

Mfamasia alikuja mwenyewe, watu wakimpisha. Hakunipongeza.

"Mimi nilichagua mji wenye mlango wa tisini na mbili," alisema. "Nautaka mji huo huo."

Kuna watu wanadhani ukishinda unapumzika. Tuliporudi, meneja wa ukumbi alifurahia kongamano lakini hakutaka ukuta uguswe. Niliandika barua ya kwanza kwa msaada wa Mwalimu, ya pili peke yangu, ya tano bila hata kumwonyesha. Mume wangu anatoka kwenye tanuri la mikate alfajiri, ananikuta nanyonyesha kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Mama mkwe alinipa kiti kisichoyumba, akasema kile kibovu atakalia yeye. Mshona viatu na dada wa saluni walikwenda kwa meneja kwa zamu, kila wiki mmoja, wakiwa wamevaa vizuri, wakibeba nakala ya fomu yenye jibu langu, wakimuuliza kwa heshima zote lini litakuwa kweli. Mwezi wa kumi na moja tangu turudi, alikubali. Wa kumi na nne mafundi walikuja na nyundo.

Nilimaliza kufagia vumbi lao mwenyewe, kisha nikaenda kwa Sijalala kuchukua tepu. Nilipima juu, katikati na chini. Tisini na moja. Nikamwandikia Mfamasia siku hiyo hiyo kwamba imepungua moja. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba kiti chake ni sitini na saba, na hiyo moja ameisamehe.

Kesho yake nilijaza ndoo mpaka karibu na ukingo, nikasukuma toroli hadi kwenye lifti. Kidoti alikuwa nami, maana mama mkwe alikwenda kliniki, na mtoto siku hizi anatembea, tena kwa haraka isiyo na sababu. Lifti ikafunguka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mshikio wa ndoo.

"Bado unaishusha tu?" Sijalala aliniuliza kutoka kwenye kiti chake, amefumba macho.

Niliuondoa mkono, nikasukuma. Magurudumu yaligonga kizingiti, maji yakayumba upande huu na huu, yakatulia. Kidoti akaingia nyuma yangu na kubonyeza namba mbili, kwa kuwa ndiyo aliyoifikia.